Laptop ya ofisi iliyotumika: yangu ilikuwa inawaka ikitaka

Nina steshenari Chake Chake, na kila wiki hakosi mtu wa kuniuliza kama zile laptop za ofisi zilizotumika zinafaa, maana ananiona natumia moja na ameshasikia kuwa ilinitesa. Yote mawili ni kweli. Ilinitesa, na inafaa.

Nianze na kwa nini niliichukua. Kazi zetu mnazijua: fotokopi, barua, kadi za harusi, mitihani ya walimu wa skuli, na vijana wanaokuja kujaza fomu za mkopo wa chuo siku ya mwisho, tena magharibi inaingia. Umeme wetu Pemba tangu 2010 unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tukitegemea majenereta ya Wesha. Nafuu ni kubwa, hilo halina ubishi. Lakini ukikatika umekatika, na kompyuta ya mezani inazimika pale pale na kazi ya mteja ikiwa haijahifadhiwa. Laptop ina betri yake, unamaliza kazi, unahifadhi, ndo unahangaikia jenereta.

Na nikataka ya ofisi, si zile nyembamba za kung'ara. Kampuni za nje huzitumia mashine hizi miaka mitatu minne kisha huzitoa zote kwa pamoja, ndo maana dukani unakuta rundo la aina moja. Mwili mgumu, kibodi ya kuandikia kutwa, na muhimu zaidi zinafunguka: skrubu za kawaida chini, kifuniko kinatoka, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na diski (ya kuhifadhia) unaziona kwa macho yako. Nyembamba nyingi RAM imeunganishwa kwenye bodi moja kwa moja, ikifa ndo basi. Nililipa 650,000. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu haya yangeweza kumpata mwenye aina yoyote.

Ubovu wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi nafungua duka, nabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inavuma kidogo, kioo cheusi. Nasubiri. Hamna kitu. Nashikilia kitufe mpaka izime, nabonyeza tena, vile vile. Nikirudia rudia, ghafla inawaka, na ikishawaka inafanya kazi mpaka jioni bila kosa lolote. Kuna wiki ilikuwa ikiwaka vizuri kila siku mpaka nikasema imepona, kisha ikagoma mwalimu akiwa amesimama mbele yangu na flashi ya mtihani mkononi na gari inamsubiri nje. Ubovu wa kuja na kuondoka ndo mbaya kuliko wote, maana ukimpelekea fundi inawaka mbele yake, na unaonekana wewe ndo mwenye matatizo.

Hapa petu dawa ya kila maradhi ya kompyuta ni kupiga Windows upya. Usikubali kabla hujajibu swali moja: nembo ya kampuni inatokea kwenye kioo au haitokei? Mashine ikipata umeme, kabla haijaigusa Windows, inajikagua yenyewe, prosesa (ubongo wake), RAM, kioo, kisha ndo inaonyesha nembo. Nembo ikitokea halafu mambo yakakwama, tazama diski au Windows. Nembo isipotokea, ukapiga Windows, umelipa pesa kwa kitu ambacho mashine haijakifikia. Na kwanza hakikisha si kioo chenyewe kilichokufa: chomeka waya wa HDMI kwenye televisheni uone kama picha inakwenda huko.

Yangu nembo haikutokea, na kwenye televisheni hamkuwa na kitu. Kwa hiyo habari za Windows nazipita haraka, ila moja niiseme kwa wanaopata nembo. Windows 10 na 11 zina mpango wa kuwasha haraka (Fast Startup) ambao ukizima mashine haizimi kabisa. Inahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho isianze mwanzo. Ukichagua kuwasha upya (Restart) ndo inaanza mwanzo kweli. Mashine inayogoma ukiizima lakini haigomi ukiiwasha upya, nenda kwenye mipangilio ya umeme, ondoa mpango huo, uone.

Nilianza na chaja, kwa sababu ndo rahisi kuibadilisha. Laptop nyingi za ofisi zenye ncha ya duara zina kijisindano chembamba katikati ya ile ncha. Hakichaji kitu. Kazi yake ni kuiambia mashine hii ni chaja ya wati ngapi. Kikipinda, au chaja ikiwa ya kuiga, mashine haijui inalishwa nini, basi inakataa kuchaji betri na inajipunguza kasi. Hakuna haja ya kubahatisha: ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, inayofunguka kabla ya Windows), tafuta ukurasa wa betri, utakuta imeandikwa wati au imeandikwa haijulikani. Yangu ilikuwa haijulikani. Muuza duka alinipa chaja ya kufanana tu, na kwa sura hutofautishi. Nikapata ya asili iliyotumika, wati 65, kwa 35,000. Betri ikaanza kujaa, kasi ikarudi, na kugoma kukapungua. Hakukuisha.

Kuna na ile dawa ya kumaliza umeme uliobaki: unachomoa chaja, unashikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, unachomeka tena. Ijaribuni, haina gharama, na mashine iliyojifunga kweli inafunguka. Kwangu ilituliza siku chache.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliiwasha, ikawaka, akanambia nzima. Ilipogoma nikarudi nayo. Akaitazama, akaibonyeza, akasema mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, imekufa, 350,000, na lazima ipelekwe Unguja kwa boti. Zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia! Kukosea ni kazi ya kila fundi, sina neno. Lakini hakushika hata bisibisi. Mtu anayetamka mazabodi bila kufungua skrubu moja, chukua mashine yako uondoke kwa salama.

Kilichosema ukweli ni taa. Mashine ilipokuwa ikigoma, ile taa ndogo ya chaji pembeni haikuwa ikiwaka tu, ilikuwa inapepesa: chungwa mara kadhaa, nyeupe mara kadhaa, inapumzika, inarudia vile vile. Nikairekodi kwa simu, nikaicheza polepole nikihesabu. Kampuni za laptop za ofisi huweka kitabu cha matengenezo kwenye tovuti zao, bure kabisa, unatafuta kwa namba ya aina iliyo chini ya mashine. Humo kila hesabu ya mipepeso ina maana yake. Baadhi ya mashine hazipepesi, zinalia mlio. Hesabu yangu ilisomeka: RAM haionekani.

Basi nikaenda kwa kijana wa jirani yangu, amesomea mambo ya vifaa vya umeme na anatengeneza simu barazani kwao.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Hii wanasema mazabodi."

"Wanasema. Ngoja tuione."

Akaifungua. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya kugusa chochote, alichomoa waya wa betri kutoka kwenye bodi. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi la wino wa fotokopi limeshikana kwenye feni. Mashine ya fotokopi iko dhiraa mbili kutoka mezani pangu, na feni inavuta kila kinachopeperuka. Akabana vile vishikio viwili vya pembeni, RAM ikainuka, akaitoa akaigeuza kwenye mwanga. Mstari wa meno ya dhahabu chini yake, na juu ya meno matatu manne kulikuwa na ukungu wa kijani. Mdogo, ungedhani uchafu wa kidole.

"Ami, mazabodi haijafa. Hii RAM haikamati."

Mafundi wengi husugua meno hayo kwa raba ya penseli. Yeye hakutaka. Alisema raba inakula dhahabu kidogo kidogo na inaacha unga ambao mwisho wake unaingia kwenye tundu la kuchomekea RAM. Alitumia spiriti kali ya kusafishia vifaa vya umeme na kitambaa kisichotoa nyuzi, na tundu akalipuliza na kulipitisha brashi laini. Akarudisha RAM zote mbili, akaunga betri, akabonyeza. Kioo cheusi. Nikanyoosha mkono niizime, akanizuia. Ukibadilisha au ukichomoa RAM, mashine ikiwaka mara ya kwanza inaipima upya, na kioo kinaweza kukaa cheusi dakika nzima au zaidi, pengine ijizime na kujiwasha yenyewe. Wengi wanakata umeme hapo hapo na kusema imekufa. Tukanywa chai. Nembo ikaja.

Ikakaa vizuri mpaka mvua za masika zilipoanza, ikarudia mchezo wake.

Safari hii kijana hakusafisha, alipima. Nilikuwa na RAM mbili za GB 8, na matundu mawili. Akaweka ya kwanza peke yake tundu la kwanza: inawaka, mara zote. Akaitoa, akaweka ya pili tundu lile lile: inawaka. Kwa hiyo RAM zote mbili nzima. Akaihamishia tundu la pili: mara inawaka, mara haiwaki. Akaweka ile nyengine tundu la pili: vile vile. Hapo hakuna tena cha kubishana, mgonjwa ni tundu la pili. Kazi hii haihitaji chombo chochote, inahitaji subira tu, na ndo ile ambayo 350,000 zilitaka kuiruka.

Nikamuuliza kwa nini ilikuwa ikigoma asubuhi zaidi. Akanambia usiku unyevu unatua kwenye chuma, mashine ikiwa baridi mguso hafifu hautoshi, ikipata joto kidogo vyuma vinatanuka na mguso unarudi. Na ukiangalia, mashine hizi zimeishi miaka ndani ya ofisi zilizofungwa, kisha zinaletwa kwetu, mlango wazi kutwa, hewa ya chumvi. Bati la mlango linaliwa, sembuse shaba iliyofunikwa na dhahabu nyembamba vile.

Kubadilisha tundu ni kazi ya kuchomelea, inawezekana, lakini kwa mashine ya bei hii sikuona maana. Nikauza zile mbili, nikanunua moja ya GB 16, ikaingia tundu la kwanza. Tundu la pili limezibwa kwa kipande cha karatasi ya gundi ili lisile vumbi. Kwa kuandika, picha za kadi na fomu za mtandaoni sijaona tofauti yoyote ya kasi kati ya RAM moja na mbili. Anayehariri video pengine ataiona.

Tukiwa ndani tukabadilisha na betri ndogo ya saa, ile ya duara ya volti 3, CR2032, ambayo kwenye laptop huwa imevalishwa kitambaa cha plastiki na ina waya wake. Yangu ilikuwa imechoka: nikiacha mashine bila chaji, saa inarudi miaka nyuma, na tarehe ikiwa si sahihi tovuti za fomu zinakataa kufunguka zikisema si salama. Wateja walikuwa wanadhani ni mtandao. Bei yake ni ya kitafunio.

Tangu hapo inawaka nikibonyeza mara moja. Usiku inalala kwenye mkoba pamoja na vile vipakiti vya chembe vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na nimeihamisha mbali na fotokopi.

Kwa anayekwenda kununua: muuza duka atakuwekea mashine tayari inawaka. Mwambie aizime kabisa, ichomolewe chaja, ikae kidogo, kisha muiwashe pamoja kutoka baridi. Angalia BIOS inasomaje chaja. Pitisha kiganja kwenye kile kibao cha kuendeshea mshale kwa kidole (touchpad). Kikiwa kimevimba kwenda juu, betri chini yake imefura, iache. Na uliza kizazi cha prosesa. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi cha sita na cha saba ndo zinauzwa rahisi sasa, na mjue kwa nini ni rahisi.

Mwanangu anaanza chuo Tunguu, nikamchukulia aina ile ile kwa muuzaji yule yule, 700,000, kizazi cha nane. Muuzaji aliponiletea chaja nilimwomba bisibisi pia. Akacheka, akanipa, tukaifungua juu ya kaunta yake: RAM moja, meno yanang'aa, matundu yote mawili safi. Chaja ilisomeka haijulikani, akanibadilishia.