Oili ya gari: geuza galoni kwanza, bei baadaye

Tangu niandike kuhusu kununua Toyota IST iliyotumika, maswali yanayojaa kwenye simu yangu si ya gari lenyewe. Ni ya oili. La karibuni limetoka kwa msomaji wa Tabata ambaye IST yake ilianza kuwasha taa ya injini na kutetemeka kila akisimama kwenye foleni. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akamuuzia koili. Wa tatu ndiye aliyefungua valvu ya VVT-i, mfumo wa kupanga muda wa valvu za injini, na kutoa kichujio chake, kidude kidogo cha kushika kwa ncha za vidole viwili, akakikuta kimezibwa na uchafu mweusi mzito kama lami. Msomaji akanitumia picha mbili: ya kichujio, na ya galoni aliyokuwa akiitumia kila sevisi. Galoni ya rangi ya dhahabu, mbele kuna gari la mashindano na namba kubwa 20W-50. Nyuma, mstari wa chini kabisa, kwa maandishi ya kusoma kwa kukodoa macho: API SF/CC.

Nilimuuliza kwa nini alichagua hiyo. Akasema dukani aliambiwa ni nzito, na sisi kwetu kuna joto.

Hapo ndipo tunapoangukia wengi. Mabishano yote ya oili, kijiweni na gereji, ni nzito au nyepesi. Namba tumezishika, herufi hatuna habari nazo. Kwa hiyo namba nitazipitia haraka. Ile iliyo mbele ya W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa ya baridi, na ile ya nyuma inaeleza uzito wake injini ikishapata moto, unaopimwa kwenye nyuzi 100. Wanaosema Dar hakuna baridi wanasahau kwamba hata asubuhi ya nyuzi 25 injini ni ya baridi ukilinganisha na inavyokuwa ikifanya kazi, na ni katika zile sekunde za kuwasha ndipo oili inatakiwa kupanda haraka hadi juu kwenye kemushafti, mhimili unaofungua valvu. IST, Vitz, Raum, Premio na ndugu zao wa miaka ile waliundiwa 5W-30. Basi. Kama injini imechoka na inakula oili, unaweza kupanda hadi 10W-40, na huyo ni mgonjwa wa kuuguzwa, usimfanye kipimo cha magari yote ya mtaa.

Sasa herufi. API ni taasisi ya petroli ya Marekani, na ndiyo inayopanga madaraja ya ubora wa oili. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili ni ya injini ya petroli. Ikiwa C, ni ya dizeli. Herufi ya pili inapanda kadiri oili inavyokuwa ya kisasa, ingawa kuna zilizorukwa njiani. SF ni ya magari ya 1988 kurudi nyuma. SG ni ya 1993 kurudi nyuma, SH ni 1996, SJ ni 2001, SL ni 2004, SM ni 2010, SN ni 2020. SP ilianza Mei 2020. API wenyewe wanaonya kwamba SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988.

IST ya kwanza ilitoka 2002. Injini yake ya 1NZ-FE, ambayo iko pia kwenye magari kibao yanayotembea hapa mjini, ina umri mdogo kuliko hiyo oili kwa miaka karibu ishirini. Hata Corolla 110 tunayoiita mkweche ilitoka 1995, maana yake SF ilishapitwa na wakati siku gari hilo linatoka kiwandani. Halafu mtu anakwambia hii ni oili ya magari ya zamani. Ya zamani yapi?

Kwa nini nalishupalia jambo hili? Kwa sababu 1NZ haitumii oili kulainisha tu. Presha ya oili ndiyo inayosukuma VVT-i kubadilisha muda wa valvu kufunguka na kufunga, na presha hiyohiyo ndiyo inayokaza cheni ya taimingi. Oili ya daraja la zamani ina viungo hafifu vya kusafisha na kuzuia uchafu kuganda, kwa hiyo ikikaa kwenye foleni za barabara ya Mandela na joto letu inageuka tope. Tope likiziba kile kichujio, unalipia plagi na koili ambazo hazikuwa na kosa. Tena ona: 20W-50 yenye SN ipo, na 20W-50 yenye SF ipo, zinakaa rafu moja, namba kubwa mbele ni ileile. Anayesoma namba peke yake hawezi kuzitofautisha.

Kuna alama nyingine ya kutafuta. Oili iliyosajiliwa API ina duara lenye tundu katikati: juu imeandikwa API SERVICE na herufi zake, katikati uzito. Duara hilo ni alama ya biashara inayotolewa kwa leseni, na API wana orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yao, unaweza kulitafuta jina la oili ukiwa palepale dukani. Galoni nyingi hazina duara, zina maneno matupu ya kwamba zinakidhi kiwango fulani. Hayo yameandikwa na mwenye galoni mwenyewe. Si lazima awe mwongo, ila hakuna aliyemkagua.

Haya, tupange oili za kununua.

Ya kwanza kwangu ni Total Quartz 9000, na sifichi kwamba nina upendeleo. Sijalipwa na mtu. Naipenda kwa sababu inapatikana kwenye vituo vyao vya mafuta, nyuma herufi zinasomeka bila miwani, na ninazozikuta ni SN au SP. Ni sintetiki kamili, yaani ya kutengenezwa maabara. Ukiikosa ya 5W-30, ile ya 5W-40 kwa IST ya umri huu na joto hili sina ugomvi nayo. Msinijie na hoja kwamba nayo inaghushiwa. Kila inayouzika inaghushiwa, ndiyo maana nasema nunua kituoni.

Ya pili ni oili ya Toyota wenyewe. Wengine wangeiweka juu, na kwa ubora sibishani nao. Nimeishusha kwa sababu moja: ndiyo ambayo kila duka la spea linadai kuwa nayo, na sura za galoni ninazoonyeshwa hazifanani. Ukiwa na wakala unayemwamini, chukua, hasa kama una Aqua au gari jingine la haiburidi linalotaka 0W-20, kwa sababu uzito huo maduka ya kawaida bado yanasuasua kuuleta.

Ya tatu nagawa kati ya Castrol Magnatec na Shell Helix HX7. Zote nzuri. Ukikuta moja kituoni na nyingine uchochoroni, chukua ya kituoni.

Ya nne ni oili za madini, zile za kawaida zisizo sintetiki, za kampuni hizohizo kubwa, 15W-40 au 20W-50, kwa gari lililochoka ambalo mwenyewe anajua linaelekea oveholi. Masharti: herufi isiwe chini ya SL, na usiiache ndani hadi kilometa zisizo na idadi. Kwa petroli, herufi ya juu inafaa pia injini ya zamani, kwa hiyo usiogope kumpa mzee SP kama mfuko unaruhusu.

Galoni za dhahabu zenye SF na SG, oili namba 40 tupu isiyo na W, na ile ya kupima kutoka kwenye pipa ikamiminwa kwenye chupa ya maji: hapana.

Wenye dizeli msinune, nanyi mna yenu. Hiace yenye injini ya 5L haina madeko, CF-4 au CH-4 inaitosha. Lakini mnaonunua Mazda CX-5 ya dizeli kutoka Japani, tafadhali. Ile ina kichujio cha moshi kwenye ekzosi, na oili yenye majivu mengi inakiziba. Tafuta galoni iliyoandikwa JASO DL-1 (kiwango cha Japani) au ACEA C3 (cha Ulaya). Fundi akikwambia dizeli ni dizeli, chukua funguo zako.

Sasa niseme la maduka, kwa sababu limenikaa. Ukifika Gerezani, kwenye maduka ya spea, na funguo mkononi, swali la kwanza haliwi unataka oili gani. Ni "Dada, gari gani?" Ukisema Passo, bei moja. Ukisema Crown, galoni ileile, iliyo palepale kwenye rafu, imepanda bei mbele ya macho yako. Halafu linakuja la pili: "Unataka orijino au ya kawaida?" Mara ya kwanza kuulizwa hivyo nilicheka. Zote mbili zilikuwa na jina lilelile na stika ileile. Nikamuuliza muuzaji ya kawaida ndiyo ipi, akaniambia, bila hata kupepesa, kwamba ni ya wateja wanaolalamika bei.

Na kuna duka moja ambalo stika za bei zote zilibandikwa nyuma ya galoni, palepale kwenye herufi za API. Nikaanza kubandua moja kwa kucha. Kijana akaruka kutoka kwenye kaunta: "Aunty, utaichafua, mtu mwingine hataichukua." Nikabandua hadi mwisho. SG. Nikamrudishia na stika yake.

TBS, shirika la viwango, wapo, EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wapo na wanatoa leseni za vilainishi, na bado naikuta SF kwenye rafu mwaka huu, tena inauzwa kwa mwenye gari la 2008 akiambiwa ndiyo inayolifaa. Sioni kwa nini kazi ya kukodolea macho maandishi ya chini iwe ya mama anayekimbilia kumchukua mtoto shuleni.

Ukishanunua, usikubali fundi abaki na galoni tupu. Zinanunuliwa na kujazwa upya, na ndiko orijino nyingi zinakotoka. Itoboe chini kwa msumari kabla hujaondoka. Na simama wakati anamimina. Injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta mpya. Galoni ni lita 4. Kinachobaki ni mililita 300, umezilipia, na kuna gereji ambazo zimejaza galoni nzima kwa mabaki ya wateja wa wiki moja na kuiuza kama mpya. Mwambie akuwekee kwenye chupa yenye kifuniko, uiweke kwenye buti pamoja na kitambaa cha kufutia dipstiki.