Coaster yetu na jeki zake nne: uzoefu wangu ufukweni mwa Ziwa Victoria

Friji ndiyo iliyotuingiza kwenye habari za jeki za kunyoosha gari likiegeshwa mteremkoni. Coaster yetu, ile ndefu ya karibu mita 7, ilishang'olewa viti na kuwekewa vitanda, jiko na sinki. Kwa kulala tu tulikuwa tunavumilia: ukikuta kichwa kimeelekea mteremkoni unahamishia mto upande wa pili, usiku unapita. Kisha Baba Kulwa akapata friji ya gesi iliyotolewa kwenye gari la kambi la Ulaya. Friji ya namna hiyo haina kompresa. Moto mdogo unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji, halafu kimiminika kinarudi chini chenyewe kwenye mabomba membamba. Gari likiinama, kimiminika kinatuama mahali, moto unaendelea kuchemsha palepale, na friji inakufa polepole bila kelele. Ya kwetu mwisho wake ni digrii 3 upande kwa upande.

Digrii 3 kwa macho huzioni. Kwenye gari ambalo tairi la kushoto na la kulia vimeachana mita moja na nusu, ni tofauti ya sentimita 8 tu. Sasa nitafutie hapa Mwanza kiwanja kilichonyooka hivyo. Mji wenyewe umekaa juu ya mawe, na yanapoishia mawe unaanza mteremko wa kwenda ziwani. Sisi tunaopenda kulala tukisikia maji tunaegesha kwenye mteremko huohuo: Igombe, Kayenze, Luchelele, au ng'ambo ya Sengerema, ambako tangu Daraja la JPM (John Pombe Magufuli) la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatuna tena habari ya foleni ya kivuko.

Kabla ya kununua tulizunguka sana. Rahisi kuliko zote ni kabari za kupandia tairi. Zipo za plastiki, na seremala yeyote anakuchongea za mbao. Unaziweka upande ulioshuka, unapanda taratibu, basi. Halafu kuna jeki za mkasi, zile zinazofungwa kwenye kona za gari na kuzungushwa kwa mpini. Hapa watu wengi wanachanganya mambo. Jeki hizo nyingi zimetengenezwa kuzuia gari lisitikisike watu wakitembea ndani, si kulinyanyua. Ukizilazimisha kubeba Coaster utapinda skrubu, na ukikosa bahati utapinda na mahali zilipofungwa. Kuhusu jeki ya chupa ambayo kila dereva anayo chini ya kiti, hiyo ibaki kwenye kazi yake ya kubadilishia tairi. Kitako chake ni kidogo, gari likisogea kidogo inalala, na siwezi kulaza watoto juu ya kitu hicho.

Tukaangukia haidroliki: pampu ya umeme wa volti 12, tangi dogo la oili, mipira ya presha inayokwenda kwenye miguu minne, na paneli ya vitufe karibu na usukani. Seti mpya bei yake ilikuwa inanunua bodaboda mbili na hela inabaki, kwa hiyo tulichukua iliyotumika, kwa muuzaji wa mtandaoni. Mguu mmoja ulikuja mfupi kuliko wenzake, dalili kwamba alikuwa amekusanya vipande vya magari mawili na kuviita seti. Tulipomtumia picha alijibu vizuri siku ile, kesho yake simu haipokelewi. Simtaji hapa, lakini ukinunua vilivyotumika dai picha ya miguu yote minne ikiwa imelazwa sambamba na futi ya fundi kando yake.

Uwezo wa jeki usiuchague kwa kuangalia namba ya tani kwenye boksi. Jaza maji, gesi, watu na mizigo yako ya kawaida, pitisha gari mizani, uchukue uzito wa kila ekseli. Kwetu nyuma ndiko kuzito kwa sababu tangi la maji liko huko. Wengi wanachukua uzito wa gari zima na kugawa kwa nne, na hesabu hiyo ni hatari, maana kwenye ardhi isiyo sawa uzito haugawanyiki sawa. Kuna dakika miguu miwili ndiyo inabeba karibu kila kitu. Jeki mbili za nyuma ziweze kubeba ekseli yote ya nyuma peke yake, na nguvu ibaki.

Kufunga tulimpa fundi wa Igogo ambaye neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, chesisi hatuichomelei." Joto la kuchomelea linadhoofisha chuma cha reli ya gari, akasema, na ufa ukianza hapo unatembea. Alikata mabamba ya chuma, akayakamata kwenye chesisi kwa bolti, na ule mguu mfupi akaushushia bamba lake mpaka wote wakalingana. Kitu kingine alichosisitiza ni waya. Pampu ikinyanyua gari inaweza kuvuta zaidi ya ampia 100, kwa hiyo waya uwe mnene na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Tunanyanyua injini ikiwa inawaka, vinginevyo betri inachoka kabla gari halijanyooka. Mwisho alilala chini akapima miguu ikiwa imekunjwa, kuhakikisha hakuna unaoning'inia chini kuliko ekseli. Ukipita matuta ya barabarani utajua kwa nini.

Sasa matumizi. Pale Kayenze tunaegesha juu kidogo ya mahali wanapoanika dagaa, na chini ni mchanga. Kitako cha mguu kina sentimita 20 kwa 20. Kikibebeshwa tani moja na nusu, kila sentimita ya mraba inakandamizwa na karibu kilo 4, na mchanga wa ziwani hauvumilii hiyo: mguu unazama, gari halipandi, pampu inalia bure. Weka chini yake ubao mgumu wa inchi mbili, sentimita 40 kwa 40, uzito unashuka chini ya kilo moja. Mbao hizo nne ndizo nilizoziona zina kazi kuliko hata pampu yenyewe, na bei yake ni ya mabaki ya seremala. Upande wa Magu na Lamadi, kwenye udongo mweusi wa mbuga, hali ni nyingine. Kiangazi ni mgumu kama saruji. Mvua ikinyesha unameza ubao na mguu pamoja, na hapo sishushi kitu, tunalala tumeinama na friji tunaizima.

Mpangilio wetu ni huu. Handbreki, gia, na mawe nyuma ya matairi; mawe Mwanza hatununui. Kama mwinamo ni mkubwa tunapanda kabari kwanza, jeki zinakuja kumalizia. Pima maji naiweka sakafuni karibu na friji, si mezani, kwa sababu meza yetu fundi aliifunga kwa macho yake. Tunaanza na upande ulioshuka, na kila mara miguu miwili kwa pamoja. Ukinyanyua kona moja peke yake bodi la Coaster linajikunja. Utaligundua mlangoni, ukivuta hautoki, halafu kioo kikubwa cha mbele kinaanza kulia. Matairi ya nyuma tunahakikisha yanabaki yamekanyaga chini, maana handbreki inashikilia huko nyuma. Na hakuna anayeingia chini ya gari likiwa juu ya miguu hiyo, hata kama mpira wa Kulwa na Doto umeingia huko. Tuna fimbo ya kuutolea.

Mzee mmoja jirani na mwalo alikuja kutazama tunavyoshusha. "Mwangaluka mayo," akanisalimu, kisha akachuchumaa kuangalia vizuri. "Gari lako likiwa na miguu, matairi ya nini tena?" Alikaa mpaka povu la pima maji likatulia katikati, akaomba tulishushe na kulipandisha tena aone.

Kitu ambacho hakuna muuzaji aliyetuambia ni mlio wa usiku. Mchana oili inapata joto, usiku ikipoa inasinyaa, mguu unataka kushuka milimita kadhaa lakini sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, inaung'ang'ania. Ghafla inaachia: ko! Gari zima linatikisika kidogo. Mara ya kwanza Baba Kulwa alitoka na tochi na panga, akarudi amechoka kutafuta mwizi. Asubuhi unakuta povu limesogea kidogo, unabonyeza kitufe, limerudi.

Utunzaji si mgumu, ila una adabu yake. Ziwa letu ni maji baridi, hatuna chumvi inayowatesa wenzetu wa pwani. Adui wetu ni mchanga. Kabla ya kukunja miguu nafuta ule mhimili unaong'aa kwa kitambaa kikavu, la sivyo chembe zinaingia na mhimili na kukwaruza sili, na sili ikikwaruzwa oili inaanza kuvuja. Usipake grisi, inakusanya mchanga zaidi. Tafuta silikoni kavu ya kupuliza. Oili ya mfumo wetu ni ATF, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki, na maduka ya spea mjini yanayo. Kipimo chake ni miguu ikiwa imekunjwa yote. Ukijaza miguu ikiwa chini, ikirudi itarudisha oili yote na tangi litafurika.

Miguu yetu inarudishwa na springi, kwa hiyo inapanda polepole, na ukiwa na haraka ya kuwahi mjini inaudhi. Taa ya paneli inayoonyesha kwamba miguu bado iko chini, hata ikizimika nashuka na kuzunguka gari kwa miguu, maana taa hiyo imewahi kuzimika huku mguu wa nyuma ukiwa nusu njiani.

Kama friji yako ni ya kompresa inayotumia sola, achana na haidroliki. Friji hiyo haijali mwinamo mdogo, na kabari nzuri pamoja na jeki mbili za mkasi nyuma zinakutosha kabisa. Ukiwa na friji ya gesi na unapenda kulala mteremkoni kama sisi, jeki hizi zina faida na ningenunua tena, ila mpya, na kwa mtu mwenye duka ninaloweza kwenda kusimama mlangoni.