Oliver Aliyegeuzwa Paka: Tathmini ya Filamu ya Oliver & Company

Charles Dickens alipoanza kuichapisha Oliver Twist kwa vipande jaridani mwaka 1837, alikuwa na ugomvi na sheria ya Uingereza iliyowafungia maskini katika nyumba za kazi na kuwalisha uji mwepesi. Filamu ya katuni ya Oliver & Company, iliyotolewa na Disney mwezi Novemba 1988 chini ya mwongozaji George Scribner, haina ugomvi na serikali yoyote. Imemfanya Oliver, yatima wa riwaya hiyo, kuwa paka, wezi wadogo wa London ikawafanya mbwa, kisa kizima ikakihamishia New York ya zama zake, na nyumba ya kazi ikaiacha nje kabisa. Nimeitazama tena wiki hii nikiwa nimetoka kuisoma riwaya yenyewe, na naona kwamba utamu wake na upungufu wake vyote vimetokana na uamuzi huo.

Utamu unaanza mapema. Mvua inanyesha, boksi limewekwa kando ya barabara, vitoto vya paka vinachukuliwa kimoja kimoja na wapita njia, hadi anabaki mmoja wa rangi ya chungwa ambaye hakuna aliyemtaka. Wimbo wa Barry Mann na Howard Ashman, unaoimbwa na Huey Lewis, unakisimulia kisa hicho bila kuhitaji msimulizi mwingine. Mwaka mmoja baadaye Ashman, akiwa na Alan Menken, angeziandikia nyimbo The Little Mermaid, na mkono huo wa mtu anayejua kuufanyisha wimbo kazi ya hadithi unaonekana tayari hapa.

Kisha anaingia Dodger, mbwa koko mwenye sauti ya Billy Joel. Anamshawishi Oliver washirikiane kumwibia muuza soseji wa mtaani: paka amzubaishe mzee, mbwa achopoe. Mpango unafaulu, na Dodger anaondoka na soseji zake zikining'inia shingoni kama mkufu, huku mshirika wake akiambiwa kwamba hana fungu. Katika dakika hizo chache njaa ya mtoto wa mitaani na ujanja wa aliyemtangulia mitaani vimeonekana waziwazi, na ndipo filamu ilipomkaribia Dickens kuliko popote pengine. Wimbo unaofuata, Why Should I Worry?, ni mzuri mno kuusikiliza, na Dodger akirukaruka juu ya magari yaliyokwama kwenye foleni mtu hutikisa kichwa apende asipende.

Nyimbo nyingine hazina nguvu hiyo. Bette Midler anachekesha sana akiwa Georgette, mbwa wa mashindano aina ya poodle anayejisifu mbele ya kioo, lakini hadithi inasimama ikimsubiri amalize. Kwa jumla mtu anapata hisia kwamba wasanii waliotamba redioni wamealikwa kila mmoja kwa zamu yake. Kuhusu picha, magari kadhaa yalichorwa kwa msaada wa kompyuta, jambo lililokuwa bado jipya wakati huo. Leo ugumu wa mabati hayo kando ya mbwa waliochorwa kwa mkono unajionyesha, ingawa kwa gari jeusi la Sykes, mkopeshaji katili wa filamu hii, ugumu huo umefaa, maana linatisha kama mwenyewe.

Mabadiliko yaliyonigusa zaidi ni ya Fagin. Katika riwaya ni mzee anayewanyonya watoto anaowafunza wizi. Hapa, kwa sauti ya Dom DeLuise, ni fukara anayeishi na mbwa wake gatini, anazunguka na chombo kilichoungwa kutokana na skuta na toroli, na amepewa siku tatu kulipa deni la Sykes. Mtu yeyote aliyewahi kumkimbia mdai ataijua ile sauti ya Fagin inayotetemeka huku ikijaribu kutania. Anapodai fidia ili amrudishe Oliver, anayejitokeza ni Jenny, msichana mdogo aliyemlea paka huyo, akiwa amebeba kibubu chake. Fagin anakitazama kile kibubu, haya zinamshika, na anamtoa paka bure. Hakuna wimbo hapo, wala haukuhitajika.

Lakini mwizi akishakuwa mbwa, wizi hauna mahakama. Nancy wa Dickens aliuawa kwa sababu alithubutu kumtetea mtoto dhidi ya genge lake; Rita, mbwa jike wa filamu hii, ana huruma kama yeye ila hajawekwa mahali ambapo huruma ingemgharimu chochote. Oliver naye, baada ya tukio la soseji, anabebwa tu kutoka mikono hii hadi mingine, na sioni anachokitafuta zaidi ya kulala pakavu.

Wazazi wenye watoto wadogo wajue kwamba mbio za mwisho katika njia ya treni ni kali, na mbwa wawili wa Sykes wanakufa kwenye reli yenye umeme. Vinginevyo dakika 74 hizi hazichoshi. Treni inamaliza kazi juu ya daraja la Brooklyn, Sykes anakufa na deni linakufa naye. Oliver anabaki kwa Jenny, na wenzake wanarudi barabarani wakiuimba ule ule wimbo wa Dodger, Fagin akiwa hana kazi wala senti.