Pandas ilinifutia Namibia, na bado naitumia

Nyota moja. Naiandika hapa mwanzoni kabisa kabla sijalainika, maana najijua.

Pandas ni nini sielezi sana, ni zana ya kuchakata majedwali ya data kwa lugha ya programu ya Python, anayeitumia anaijua. Mimi nilihamia huko baada ya Excel ya ofisini kuganda kila nikifungua faili la washiriki, unaenda kuchemsha chai unarudi kale kaduara bado kanazunguka tu. Pandas ikalifungua faili hilohilo kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, na ni programu huria, hulipii leseni wala humbembelezi mhasibu. Yaani niliipigia debe mpaka kwa watu wa stoo ambao hata hawakuniuliza.

Sasa siku ya siku. Ilikuwa kipindi cha masika hivi, wiki siikumbuki, nakumbuka tu umeme ulikuwa wa kukatikakatika. Tulikuwa na data za mafunzo ya nchi za SADC, zote 16, na aliyeandaa faili kaweka nchi kwa vile vifupisho vya herufi mbili, TZ, ZM, MW, CD na wenzake. Nikasoma faili, nikapanga washiriki kwa nchi, nikachora chati ya rangi nzuri, nikaituma. Sikuhesabu nguzo. Kosa langu? Labda, lakini we ushawahi kuhesabu nguzo?

Kikao kinafanyika mtandaoni, bosi anaonyesha chati kwa mbwembwe zote, mara mgeni mmoja wa Windhoek, mpole kweli, akawasha maiki akauliza, samahani, sisi nguzo yetu ni ipi? Kimya. Bosi akageuza shingo taratibu kuniangalia. Namibia hakuna. Wangepewa hata sifuri basi ningejua pa kuanzia, lakini hawapo kabisa, kama vile hawajawahi kupanda ndege kuja. Nikajibu "ni changamoto ya kiufundi", ile sentensi ambayo mkisikia wenzangu mnajua mtu kaumbuka.

Usiku nikakaa nayo. Kumbe kifupisho cha Namibia ni NA, na Pandas ikikuta NA kwenye faili inajiamulia tu kwamba hapa mtu hakujaza, inaweka tupu. Haikuulizi, haikuonyi, hata kamstari kamoja kekundu hakuna. Halafu ukija kwenye groupby, ile amri ya kupanga kwa makundi, wale ambao nchi yao ni tupu inawatoa nje, na hiyo ndo tabia yake ya kuzaliwa mpaka uiambie dropna=False. Jamani! Kwanza umempokonya mtu jina, halafu unamfukuza kwa sababu hana jina. Hata karani mwenye njaa hafanyi hivyo, angalau yeye atakwambia urudi kesho.

Nikauliza kwenye grupu la WhatsApp la watu wa data. Kaka mmoja akanijibu, "Dada hiyo iko kwenye dokumentesheni, tusome kwanza jamani," na vikatuni vya kucheka viwili. Nimesoma! Ukurasa wa read_csv, amri ya kusomea faili, peke yake unashuka chini mpaka kidole kinachoka, vigezo juu ya vigezo, mtu unajuaje kwamba huko katikati pamefichwa nchi? Hicho kicheko ndo kiliniuma kuliko hata kikao, nikatoka kwenye grupu, baadaye nikarudi kimyakimya kwa sababu matangazo ya kazi yote yanapita mle.

Kwa hasira nikasema basi nahamia R, lugha nyingine ya kuchakata data. Aisee. Nikasoma faili kwa read.csv, Namibia hakuna! R yenyewe inatumia NA kama alama yake ya kitu kisichojulikana, kwa hiyo ukiingia huko na Namibia yako imekwisha kazi. Iliyomuacha Mnamibia akae kwa amani ni LibreOffice Calc, ambayo huwa naibeza kwamba ni ya kuandikia orodha ya harusi. NA ikabaki NA. Nilikaribia kuomba radhi kwa skrini.

Dawa nikaipata, keep_default_na=False, yaani unaiambia NA isiihesabu tupu, nikashangilia kama dakika tano hivi. Halafu wastani wa umri ukagoma, kwa sababu sasa na zile sehemu ambazo kweli hazijajazwa imezichukulia ni maandishi, kolamu nzima ya umri imegeuka maneno. Inabidi uongeze na na_values='' ili tupu ya kweli ibaki tupu. Saa nane usiku mimi na alama za nukuu, na umeme ukakatika tena.

Lakini nikiwaza vizuri, hii kitu aliianza Wes McKinney mwaka 2008 akiwa kwenye kampuni ya uwekezaji huko Marekani, mambo ya bei za masoko, na kwenye bei NA ni NA kweli, hakuna anayeuza Namibia kwenye soko la hisa. Kwa hiyo naielewa. Na ukweli lile faili sina pengine pa kulifungulia kwa raha ile, bila kumlipa mtu senti. Basi niseme nyota nne. Hapana, nne ni nyingi, nikikumbuka yule mgeni alivyosema "hakuna shida kabisa" huku anatazama pembeni, nashuka hadi tatu, na ukiniuliza siku nikiwa na njaa ni mbili.

Chati nilirekebisha nikaituma upya, bosi akajibu kidole gumba tu. Siku hizi kabla sijatuma chochote nazihesabu nguzo kwa kidole kwenye skrini, moja, mbili, tatu, na wa dawati la pili anadhani nafuta vumbi.