Pakiti ya udongo wa mapambo ya Krismasi: udongo safi, kamba ovyo

Huu ni ule udongo wa kufinyanga unaokauka wenyewe bila kuchomwa. Tuliununua ili watoto watengeneze mapambo ya kutundika kwenye mti, na kwa udongo wenyewe sina la kulalamika. Ni laini, haunati mikononi, na kiganja cha kitinda mimba wetu kilitoka vizuri mno, hadi mistari ya vidole unaiona. Dada yake akaandika jina na mwaka kwa nyuma kwa njiti. Usiliache hilo, viganja vya watoto vinafanana, baadaye mtabishana.

Maelezo ya pakiti yanasema unakauka kwa saa 24. Kwa kipande chembamba sawa, ila kinene kipe hata siku 3 na ukigeuzegeuze, la sivyo kingo zinajikunja. Tundu la kamba litoboe mapema kwa mrija, tena kubwa kidogo, maana udongo unasinyaa.

Rangi za kupaka zilizomo kwenye pakiti zimepauka kama maji ya kuoshea brashi. Kamba ndiyo kichekesho: ukiivuta tu, imekatika. Sisi tumetumia utepe.

Wapo watakaosema unga na chumvi vinatosha. Ni kweli, vikombe 2 vya unga, 1 cha chumvi, 1 cha maji, kisha oveni ya moto mdogo. Lakini chumvi hunyonya unyevu, usipopaka vanishi pambo linalegea. Mwenye mbwa ndiyo kabisa aliweke mbali, chumvi nyingi hivyo ni sumu kwake. Kwa pambo la kutunza miaka, nitanunua udongo huu tena. Kamba wabaki nayo.