Kulala Mji Mkongwe siku mbili: malazi ya kulipia na ya kuyapita

Anayevuka na boti ya Ijumaa kutoka Dar na kurudi Jumapili ana siku mbili tu za kulala Unguja mjini. Muda huo hautoshi kuhamahama, kwa hiyo ukipewa chumba kibovu siku ya kwanza, kitumbua kimeshaingia mchanga. Hapa tunapanga aina za malazi kwa msafiri wa namna hiyo: watu wawili au familia ndogo, wanaotaka kuzunguka kwa miguu, kula kwenye bustani ya Forodhani, labda kwenda kisiwa cha Changuu asubuhi na kurudi adhuhuri. Anayekuja kukaa ufukweni wiki nzima ana hesabu nyingine.

Kabla ya orodha, kuna kanuni moja inayotangulia yote: linganisha vyumba kabla ya kulinganisha hoteli. Sababu ipo kwenye ujenzi. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba umefuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba, mita 3 hivi, halafu virefu. Nyumba za Kiarabu zimegeukia ndani, zinatazama ua wa katikati, na ukuta wa nje una madirisha machache. Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, zenye duka chini na roshani juu, zinatazama njiani. Zilipogeuzwa hoteli, kila pembe ikafanywa chumba. Ndani ya nyumba moja utakuta chumba chenye madirisha matatu na upepo wa bahari, na kingine kilichobanwa nyuma ya ngazi, chenye kidirisha kinachofungukia shimo la hewa. Mtandaoni vyote viwili huitwa "chumba cha watu wawili", mara nyingine kwa bei moja na picha zile zile.

Bei tunazotaja ni makadirio ya usiku mmoja kwa chumba cha watu wawili. Julai na Agosti zinapanda, na wiki ya mwisho ya Desemba zinapanda zaidi. Masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, zinashuka na baadhi ya hoteli hufunga kwa matengenezo. Ndio wakati wa kupatana bei bila haya.

1. Hoteli ndogo ndani ya nyumba ya kale

Hii ndiyo chaguo letu la kwanza kwa watu wawili. Dola 40 hadi 90 hivi, chai ya asubuhi ndani yake, mara nyingi juu ya paa. Unatoka mlangoni na mji uko miguuni pako, hulipi teksi hata moja hadi siku ya kuondoka.

Mtaa unabadilisha mambo. Shangani iko karibu na bahari, Forodhani na migahawa, lakini pia karibu na baa na muziki wa usiku, hasa pande za Barabara ya Kenyatta. Kiponda na Hurumzi ni ndani zaidi, kimya zaidi usiku, na bei huwa chini kidogo. Gari halifiki mlangoni. Malindi ni karibu mno na bandari, inamfaa mwenye boti ya saa moja asubuhi, ila usiku njia zake ni kimya kupita kiasi kwa mgeni asiyezijua. Mkunazini imekaa kati ya Darajani na kanisa la Anglikana, nzuri kwa anayependa soko. Popote utakapolala, adhana ya alfajiri utaisikia. Misikiti imejaa mji mzima, hivyo usiombe chumba "mbali na msikiti". Omba kisichotazamana na spika.

Ghorofa ya kuomba ni ya kwanza au ya pili. Chini kuna unyevu na watu wanaopita usoni pa dirisha. Juu kabisa, ikiwa paa ni la mabati na dari ni jembamba, Januari na Februari chumba kinahifadhi joto hadi usiku wa manane. Ngazi za nyumba hizi ni kali, vidato virefu na vyembamba, za mbao au mawe, na lifti hakuna. Kwa mzee mwenye magoti au mama mwenye mtoto mgongoni, ghorofa ya tatu ni adhabu, hata kama mandhari ni ya kupendeza.

Kitanda cha semadari, kile cha kale cha mbao chenye nguzo, kinavutia kwenye picha. Uliza vipimo: tano kwa sita inawatosha wawili wembamba, sita kwa sita ndiyo ya kulala kwa raha. Vingi viko juu sana kutoka sakafuni, kwa hiyo mtoto mdogo asilale ukingoni.

2. Fleti ya kukodi

Kwa familia ya watu wanne na zaidi, fleti inapanda hadi nafasi ya kwanza. Unapata vyumba viwili, jiko, friji na mara nyingine mashine ya kufulia, kwa bei iliyo chini ya vyumba viwili vya hoteli. Soko la Darajani liko jirani: samaki, mboga na mkate unanunua mwenyewe.

Udhaifu wake ni kwamba hakuna mapokezi. Umeme ukikatika au maji yakiisha saa tano usiku, unampigia mtu simu. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo manne: ufunguo anakabidhi nani na saa ngapi, gesi imo kwenye mtungi au imeisha, umeme wa mita ya kulipia kabla umejazwa na nani, na ada ya usafi imo kwenye bei au inakuja mwishoni. Hili la mita ndilo linaloleta ugomvi mwingi. Wageni wanawasha viyoyozi viwili mchana kutwa, yuniti zinaisha, na kila upande unadhani mwenzake ndiye wa kununua. Maliza jambo hilo kwa maandishi.

3. Gesti za Ng'ambo

Mlandege, Michenzani, Kikwajuni: mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe. Chumba chenye kiyoyozi na choo ndani hupatikana kwa shilingi 30,000 hadi 70,000, na mara nyingi ni kikubwa na kikavu kuliko cha Mji Mkongwe cha bei mara mbili, kwa kuwa majengo ni mapya, ya matofali ya saruji. Gari linafika mlangoni. Kutoka Mlandege hadi Darajani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Tumeiweka ya tatu kwa sababu ya usiku. Ukitoka Forodhani umeshiba urojo na mishikaki, kurudi Michenzani kwa miguu na watoto wanaosinzia si starehe, na teksi mbili au tatu kwa siku zinakula nafuu yote uliyoipata. Kama mko wawili, wepesi wa miguu, na bajeti ni ya kubana, ipandishe hadi ya pili. Wanandoa waende na cheti au angalau picha yake kwenye simu, maana zipo gesti zinazouliza. Wasio na ndoa waulize msimamo wa nyumba kabla ya kutuma pesa.

4. Hoteli kubwa za baharini Shangani

Dola 150 na kuendelea, nyingine mara mbili ya hapo. Bwawa la kuogelea, jenereta inayobeba jengo zima, maji ya moto ya uhakika. Kwa safari ya siku mbili unalipia mambo ambayo hutayatumia, kwani mchana uko njiani na usiku uko Forodhani. Kwa mgeni mzee, mgonjwa, au wenye kusherehekea ndoa, hapa ndipo pa kutafuta lifti na chumba kisicho na vidato. Uliza vyote viwili, usidhanie.

5. Hosteli za vitanda

Dola 12 hadi 20 kwa kitanda. Zinamfaa anayesafiri peke yake. Mkiwa wawili, vitanda viwili vinafikia au hata kupita bei ya chumba cha gesti chenye mlango wa kufunga.

Mpango wa kulala Nungwi au Paje ili "kutembelea mjini mara moja" hatukuupa hata namba. Nungwi ni karibu kilomita 60 kutoka mjini. Siku yako moja itaishia barabarani.

Maswali ya kutuma kabla ya kulipa

Tuma kwa WhatsApp, si kwa simu ya mdomo, ili majibu yabaki. Ujumbe mmoja unatosha:

"Assalaam alaykum. Naomba chumba cha watu wawili, kuingia Ijumaa, kutoka Jumapili. Tafadhali nijulishe namba ya chumba, kiko ghorofa ya ngapi, na dirisha linatazama wapi. Umeme ukikatika, jenereta inaendesha kiyoyozi au feni na taa tu? Naomba na picha ya choo na ya dirisha. Bei ya wakaazi ni shilingi ngapi, kodi zote zikiwemo?"

Kila swali hapo lina kazi yake. Namba ya chumba inamfunga mwenye hoteli asikubadilishie mlangoni. Picha ya dirisha inaumbua shimo la hewa. Bei ya wakaazi ipo kwenye nyumba nyingi kwa Watanzania, na baadhi huitoa kwa raia wote wa Afrika Mashariki, lakini kwenye mitandao ya kimataifa huioni. Ni lazima uiombe, na uje na kitambulisho.

La jenereta lina historia yake. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Ulipoharibika mfumo huo mwaka 2008, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima; kuanzia Desemba 2009 kikakaa takriban miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulipunguza tatizo, ila jenereta zilibaki, na nyingi kwenye hoteli ndogo zilinunuliwa kwa ajili ya taa, friji na pampu ya maji. Anayekuambia "jenereta ipo" hajakujibu swali la kiyoyozi. Na kama chumba chako kiko juu ya njia ambako jenereta imewekwa, moshi na mngurumo ni wako.

Kiyoyozi chenyewe kitazame ukubwa. Mashine ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inatosha chumba kidogo cha dari ya kawaida. Chumba cha nyumba ya kale chenye dari la mita 4 kinahitaji 12,000 hadi 18,000, la sivyo inakoroma usiku kucha bila kupoza. Hapo feni la dari zuri na madirisha mawili yanayopishanisha upepo vinaishinda.

Ukifika, kabla hujatoa kitambulisho

Papasi wa bandarini, yule dalali anayevizia wageni, atakuambia hoteli yako imejaa, imefungwa au imehamishwa. Ipigie mwenyewe, pale pale, mbele yake. Akikupeleka kwingine analipwa kamisheni, nayo inarudi kwenye bei yako. Kwa nyumba za ndani kama Kiponda, omba hoteli itume mtu akupokee mahali gari linapoishia. Anayeshukia uwanja wa ndege ana kilomita 7 hivi hadi mjini. Daladala ya 505 inafika, ila na masanduku makubwa panda teksi, na bei mpatane kabla mlango haujafungwa.

Panda ukione chumba. Kwanza vuta pumzi mlangoni, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, maana kikiwaka kinaficha harufu ya uvundo. Kisha inama utazame ukuta wa chini, sentimita 50 za mwanzo kutoka sakafuni, hasa nyuma ya kitanda. Rangi iliyofura mapovu, au unga mweupe wa chumvi unaobaki kidoleni ukipapasa, maana yake ukuta una maji. Kuta hizi za matumbawe zilijengwa zipumue kwa plasta ya chokaa. Zikipakwa saruji au rangi ya mafuta, unyevu unanaswa ndani na kutafuta pa kutokea. Mwenye pumu asilale humo hata siku moja.

Fungua bomba la bafu dakika mbili. Maji yakianza kwa nguvu kisha yakafifia, simtanki ya juu iko karibu kuisha au pampu ni dhaifu, na saa moja asubuhi wageni wote wakioga pamoja hutapata kitu. Yaonje kwa ncha ya ulimi: yakiwa ya chumvichumvi ni ya kisima, ya kuogea tu, na sabuni haitatoa povu vizuri. Washa hita usubiri. Shusha chandarua chote ukikague kwa mwanga wa dirisha. Kilichofungwa fundo maridadi juu ya semadari huenda kina tundu la kupitisha ngumi.

Malipo ya awali yasizidi usiku mmoja. Ukilipa kwa Lipa Namba, jina la biashara linaonekana kabla hujathibitisha. Lisipofanana na la hoteli, simama uulize. Ukiambiwa utume kwenye namba binafsi ya mtu, na punguzo "likiisha leo jioni", achana nayo.

Vyumba vingi hutolewa saa nane mchana na kurudishwa saa nne asubuhi, wakati boti ya asubuhi kutoka Dar hukufikisha kama saa tatu. Omba mapema mizigo ihifadhiwe siku zote mbili, ya kufika na ya kuondoka, na uulize kama kuna bafu la wageni la kuogea baada ya kurudisha ufunguo. Mwezi wa Ramadhani ongeza swali la chai: inaandaliwa wapi kwa wasiofunga, na wanaofunga watabadilishiwa iwe daku au futari.

Ukikuta chumba siyo kile cha kwenye ujumbe, usifungue sanduku. Onyesha majibu yao kwenye simu, taja namba ya chumba waliyoiandika, na uombe kile au kilicho bora kuliko hicho kwa bei ile ile. Wakishindwa, dai malipo ya awali. Ukifika saa tatu asubuhi bado una mchana mzima wa kutafuta. Ukifika saa mbili usiku, wao wanajua huna.