Kalenda Moja kwa Simu Tatu: Tathmini ya Google Calendar Jijini Dar es Salaam

Tangu mwanzoni mwa mwaka 2024 nimekuwa nikitumia Google Calendar kuendesha ratiba za nyumba yetu iliyoko Kimara, na kwa miezi mitano kati ya hiyo niliitumia pia nikiwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Ni huduma ya siku nyingi, iliyoanza mwaka 2006, wala haina malipo kwa mwenye akaunti ya kawaida ya Google. Watu wengi ninaowafahamu wanayo tayari kwenye simu zao lakini hawaiamini, na nimeona kwamba kutoiamini huko hutokana na mambo machache yanayoweza kurekebishwa kwa muda mfupi, ilimradi mtu ajue pa kugusa.

Sifa yake kubwa, kwa mji ambao wengi wetu tunazima data ili bando lifike jioni, ni kwamba haimlazimu mtumiaji kuwa hewani wakati wote. Miadi ikishaingia kwenye simu hubaki humo, na kikumbusho chake hulia hata kama kifurushi kiliisha tangu jana. Ukiandika miadi mpya ukiwa ndani ya mwendokasi bila data, simu huitunza na kuipeleka kwenye seva, yaani kompyuta za Google, mtandao unaporudi. Niliyathibitisha hayo mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari siku ya Jumapili tarehe 12, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti ya kueleweka. Wiki hiyo viungo (linki) vya mikutano ya mtandaoni havikufunguka na barua pepe zilichelewa, lakini ratiba yangu yote ilikuwa mkononi, na niliyoyaandika siku hizo yalipanda yenyewe baadaye bila kupotea hata moja.

Kasoro ambayo watu huitupia kalenda mara nyingi ni ya mahali walipohifadhi. Simu nyingi huwa na kalenda zaidi ya moja ndani yake: ya Google, ya kampuni iliyotengeneza simu, na nyingine inayokaa kwenye simu tu pasipo kwenda popote. Shangazi yangu aliandika tarehe za kikundi chake cha vikoba kwa miezi mitatu, na siku simu yake ilipopotea kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni, tarehe zote zilikwenda nayo, kwa kuwa zilikuwa zimehifadhiwa kwenye simu na si kwenye akaunti. Kabla ya kubonyeza kuhifadhi, tazama jina la akaunti lililoandikwa kwenye tukio. Likiwa ni barua pepe yako ya Google, miadi hiyo utaikuta hata kwenye simu mpya. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya akaunti, uhakikishe kuwa usawazishaji (sync) wa kalenda, yaani kulinganisha kilicho kwenye simu na kilicho kwenye akaunti, umewashwa, na ukumbuke kwamba hali ya kubana matumizi ya betri au ya data huweza kuuzuia usifanyike programu ikiwa imefungwa.

Baba watoto anatumia iPhone, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo halijaandikwa mahali pa wazi. Ukiiweka akaunti ya Google ndani ya kalenda ya Apple, mabadiliko hayasukumwi papo hapo kuja kwenye simu, bali simu yenyewe huyafuata kila baada ya muda fulani. Muda huo huchaguliwa kwenye mipangilio, kuanzia dakika 15 hadi kufuata kwa mkono pekee, maana yake ni mpaka ufungue programu. Ya kwake ilikuwa kwenye kufuata kwa mkono. Kwa wiki nzima niliamini ameona kwamba kliniki ya mama mkwe imesogezwa kutoka Jumanne kwenda Alhamisi, naye aliamini hakuna kilichobadilika, na kila mmoja wetu alikuwa anasema kweli. Tuliweka programu ya Google yenyewe kwenye simu yake, na tatizo halikurudi. Anayependa kubaki na kalenda ya Apple afungue ukurasa wa Google unaoitwa syncselect, aweke alama kwenye kila kalenda aliyoshirikishwa, kwa sababu usipofanya hivyo kalenda za wengine huenda zisionekane kabisa.

Lipo pia suala la ratiba zinazotoka nje. Mwaka 1998 ulikubaliwa muundo mmoja wa faili uitwao iCalendar, na ndiyo sababu Outlook, Apple na Google zinaweza kusomana. Faili hizo huishia na herufi ics, na shule na ofisi nyingi huzituma. Tofauti ya kuingiza faili na kujiunga kwa kiungo ni sawa na tofauti ya kununua gazeti la leo na kujiandikisha uletewe gazeti kila siku. Shule ya watoto ilitutumia faili la muhula, nikaliingiza. Tarehe ya kufunga ilipobadilishwa, kalenda yangu iliendelea kushika ile ya zamani, kwa kuwa faili lililoingizwa ni nakala iliyokwisha kukatwa na chanzo chake. Tangu hapo naomba kiungo. Hata kiungo nacho kina mipaka yake, kwani Google wenyewe wanaeleza kuwa mabadiliko huweza kuchukua muda wa hadi saa 12 kuonekana, kwa hiyo hakifai kwa jambo linalobadilika asubuhi na kufanyika mchana. Isitoshe, kujiunga kwa kiungo hufanyika kwenye tovuti, si ndani ya programu ya simu, na kwa nyumba zisizo na kompyuta huo ni upungufu ninaouhesabu.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya suala la saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, nayo kalenda inahesabu kuanzia usiku wa manane, na mtu hutafsiri kichwani kila anapoandika bila kujua kwamba anatafsiri. Siku akiwa amechoka, tafsiri inakatika. Mama mkwe aliniambia kwa simu, "Mwanangu, daktari amesema saa nne," nami nikaandika 4:00 kama nilivyosikia. Kikumbusho kililia kabla ya alfajiri, nikakizima nikiwa usingizini, na saa nne ya kweli ilipofika, yaani 10:00, hakuna simu iliyolia na hakuna aliyekwenda kumchukua. Alisubiri barazani kwake Mbezi hadi adhuhuri. Niliumia sana siku ile, na nyumbani tukaweka utaratibu ambao hatujauvunja tena: simu zote tatu zinaonyesha saa kwa mfumo wa 24, na jina la kila tukio linaanza na saa ya Kiswahili kwa maneno. Sasa imeandikwa "Saa nne asubuhi, kliniki ya mama" kwenye 10:00, na jicho likiona maneno na tarakimu havilingani, hapo hapo linashtuka. Ninaiona kuwa mbinu yenye thamani kuliko nyingine zote nilizoeleza, nayo haihitaji bando wala programu.

Kamati ya harusi ilitufundisha upande wa pili wa jambo hilohilo. Kaka yetu anaishi London, na vikao vilikuwa kila Alhamisi saa mbili usiku, yaani 20:00. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya ulimwengu (UTC) mwaka mzima, lakini Uingereza husogeza saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mpaka Oktoba alikuwa anajiunga saa 18:00 akiwa ameshafika nyumbani; wiki iliyofuata kikao kilimwangukia saa 17:00 akiwa bado kazini. Hapa naisifu kalenda bila kusita, kwa sababu ilimwonyesha saa yake mpya mapema, akamwandikia Mwenyekiti wetu kuomba tusogeze mbele kwa saa moja, na kikao hakikuvunjika. Kinachotakiwa ni eneo la saa (time zone) la tukio liwekwe Dar es Salaam tangu mwanzo.

Kuhusu sikukuu, kalenda inayo orodha ya Tanzania, na tarehe kama 7 Julai na 8 Agosti hazina shida. Za Idi zichukuliwe kama makadirio, kwani neno la mwisho ni mwandamo wa mwezi.

Usawazishaji hauwezi kuwa bora kuliko mtandao unaoupitia, kwa hiyo niseme kidogo juu ya waifai ya nyumbani. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, na masafa ya gigahezi 5, ingawa yana kasi zaidi, hayapenyi kuta hizo vizuri kama gigahezi 2.4. Simu zinazokaa vyumba vya mbali tumeziunganisha na 2.4, na kompyuta iliyo sebuleni na 5. Rauta tuliitoa nyuma ya televisheni tukaipandisha juu ya kabati katikati ya nyumba, na chumba cha watoto kikapata mtandao ambao hakikuwa nao. Umeme ukikatika, betri ndogo ya rauta kutoka dukani Kariakoo hutusaidia. Anayeinunua asome kwanza kibandiko cha rauta yake, kwani nyingi hutumia volti 12 lakini si zote.

Naipa nyota nne kati ya tano, na moja niliyoikata ni ya yale yanayolazimisha tovuti. Kwa familia au kamati, fungua kalenda ya pekee badala ya kushirikisha ile yako binafsi, na uchague kwa kila mtu kiwango chake: wapo wa kuona kama una nafasi tu, wapo wa kuona maelezo, na wachache wa kubadilisha. Kwenye kamati yetu waliobadilisha walikuwa wawili, Mwenyekiti na mimi. Wiki moja baada ya harusi niliingia kwenye kompyuta nikawaondoa wajumbe wote, kalenda ile nikaibakiza kwa ajili ya mdogo wangu na mkewe, ikiwa na tarehe ya ndoa yao iliyowekwa kujirudia kila mwaka.